Mlinzi Naye Alindwe

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, ambako boma hupakana na boma na migomba hugusana, mbwa ndiye mlinzi wa usiku. Lakini mlinzi asiyechanjwa aweza kuingiza mauti nyumbani. Dalili za kichaa cha mbwa zikishamdhihirikia mwanadamu, ni nadra mno kupona. Na kati ya kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kenya imeuweka mwaka 2030 kuwa kikomo cha vifo hivi. Njia yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Paka naye achanjwe, kwani huambukizwa na kuambukiza. Ng'ombe, mbuzi na punda nao hawasalimiki wakiumwa.

Sisi wa Pwani wengi hujiepusha na mate ya mbwa kwa ajili ya twahara. Kujiepusha huko hakumkingi mtoto na mbwa wa njiani aendapo chuoni.

Akina mama, mtoto huficha jeraha akihofia fimbo. Tumzoeze kusema bila woga. Akiumwa au akikwaruzwa, tulioshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tumpeleke hospitali siku ile ile, na sindano zote zikamilishwe. Tusingojee dalili, zikifika, tumechelewa.