Chakula na Kinywaji cha Mtu Anayepona Kuhara

Ndugu msomaji, katika nyumba za Kasongo na Kabambare ugonjwa huu unajulikana sana: tumbo kusokota, kutapika, na kuhara kama maji. Leo ni mtoto, kesho ni baba yake. Mara nyingi kuhara kunaisha baada ya siku chache bila dawa kubwa. Lakini mgonjwa anaweza kufa kabla hakujaisha. Tena anaweza kuacha kuhara, akabaki amekonda, hana nguvu, hata ugonjwa mwingine ukamkamata upesi. Kupona kwake kunategemea sana kikombe na sahani, yaani vitu anavyopewa nyumbani. Basi soma maneno haya polepole, umsomee na jirani asiyejua kusoma.

KINACHOUA NI NINI?

Watu wengi hutaka tumbo lifungwe upesi. Wanamnyima mgonjwa maji, wakisema, "Akinywa atahara tena." Sivyo. Kinachoua ni ukavu. Mwili wa mtu una maji mengi, na ndani ya maji hayo mna chumvi. Mtu akihara na kutapika, maji na chumvi vinatoka pamoja.

Fikiri mtungi uliotoboka. Ukiacha kuutia maji kwa sababu unavuja, utakauka. Ukiutia maji kadiri yanavyovuja, hautakauka. Tundu litazibwa na mwili wenyewe baada ya siku chache. Kazi yako wewe ni kutia maji.

Dalili za ukavu ni hizi: kinywa kikavu, kiu nyingi, macho yaliyoingia ndani, mtoto kulia bila machozi, mkojo kidogo wenye rangi nzito. Kwa mtoto mchanga, utosi unabonyea. Ukifinya ngozi ya tumbo, inarudi polepole. Usingoje dalili hizi zionekane. Anza kumnywesha mgonjwa mara ya kwanza anapohara.

ELIMU HII ILITOKA WAPI?

David Livingstone alikaa Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, mwaka 1870. Aliandika habari za kipindupindu kilichofika huko na kuua watu. Yeye mwenyewe aliteswa na ugonjwa wa tumbo, akafa mwaka 1873. Siku zile waganga hawakujua namna ya kurudisha maji mwilini kwa njia ya kinywa.

Baadaye waganga waligundua jambo hili: maji matupu hayaingii vizuri katika mwili wa mtu anayehara sana. Lakini yakiwa na chumvi kidogo na sukari kidogo, sukari inaingiza chumvi kupitia ukuta wa utumbo, na chumvi inavuta maji nyuma yake. Sukari ni kama ufunguo wa mlango.

Mwaka 1971 watu wengi walikimbia vita ya Bangladeshi, wakaingia nchi ya India. Kipindupindu kikawashika kambini. Pale Bangaon maji ya kutia katika mshipa yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akatengeneza maji ya chumvi na sukari, na ndugu za wagonjwa wakasaidia kuwanywesha kwa vikombe. Mahali walipokuwa wakifa karibu watu 30 katika kila 100, sasa wakafa chini ya 4. Angalia vema: mikono iliyoshika vikombe ilikuwa mikono ya mama, baba na ndugu. Hata wewe unaweza kufanya kazi hiyo.

Sisi wa mashariki ya Kongo tunakumbuka Goma, mwezi wa Julai 1994. Katika mwezi mmoja karibu wakimbizi 50,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara. Basi jambo hili si dogo.

KUTENGENEZA KINYWAJI

Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji mpaka yatokote, uyaache yapoe. Usitumie maji ya Lualaba, ya Luama, ya kijito wala ya kisima bila kuyachemsha au kuyatia dawa.

1. Ukiwa na paketi ya SRO kutoka hospitali au kituo cha afya, tia unga wote katika kipimo cha maji kilichoandikwa juu ya paketi. Paketi nyingi ni za lita moja. Usigawanye paketi, wala usiongeze sukari.

2. Ukikosa paketi, twaa lita moja ya maji safi. Tia vijiko 6 vidogo vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa juu, visiwe na kilima. Koroga, kisha onja. Kisipite machozi kwa chumvi. Kikipita, kimwage, utengeneze kingine, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.

Uangalifu wa chupa: chupa kubwa ya bia haijai lita moja. Tafuta chupa iliyoandikwa lita moja.

3. Kasongo ni nchi ya mpunga tangu siku za Tippu Tip. Basi kama sukari ni ghali, usikate tamaa. Chemsha konzi za mchele katika maji mengi mpaka mchele upondeke. Maji yake yawe mepesi ya kunyweka. Kwa kila lita tia nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Maji ya mchele yanafaa sana nyumbani.

Funika kinywaji. Kilichobaki baada ya siku moja, kimwage. Maji ya mchele yasikae hata siku nzima, maana yanachacha upesi. Yatengeneze tena asubuhi na jioni.

ANYWE KIASI GANI?

Kila mara anapohara, mtoto wa chini ya miaka 2 apate robo mpaka nusu ya kikombe. Mtoto wa miaka 2 mpaka 10 apate nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka, na zaidi.

Akitapika, usiache. Ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu. Kikombe kizima kikiingia mara moja, tumbo linakirudisha. Kijiko kwa kijiko linakipokea. Ni kazi ya uvumilivu, tena ya usiku kucha. Watu wa nyumbani wapokezane.

Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya, mara nyingi kuliko siku zote. Maziwa ya mama hayakuharibika. Ndicho kinywaji na chakula chake chema.

Usimpe soda, wala chai yenye sukari nyingi. Sukari nyingi inavuta maji kutoka mwilini na kuyatia utumboni, naye atazidi kuhara. Kahawa, pombe na lutuku haviwafai wagonjwa kabisa.

CHAKULA KIRUDI LINI?

Kirudi mapema. Kutapika kukipungua na mgonjwa akipata maji kwa saa chache, mpe chakula siku ile ile. Utumbo uliojeruhiwa unajengwa upya kwa chakula. Ni kweli kingine kitatoka, lakini sehemu kubwa inabaki mwilini.

Katika 1 Samweli 30 tunasoma habari za kijana Mmisri aliyeachwa mashambani kwa sababu aliugua. Alikuwa hajala wala kunywa siku tatu. Watu wa Daudi walimpa mkate na maji, kisha tini na zabibu, na nguvu zake zikamrudia. Hawakumwambia angoje mpaka awe mzima ndipo ale.

Anza na vyakula hivi:

Uji laini wa mchele au wa mahindi, wenye chumvi kidogo. Wali uliopikwa mpaka ulainike. Ndizi mbivu iliyopondwa, maana ndizi inarudisha chumvi nyingine ambayo mwili umepoteza. Papai bivu. Viazi vya kuchemsha. Supu ya samaki au ya kuku.

Siku ya pili na ya tatu, ongeza vitu vya kujenga mwili: samaki aliyeondolewa miiba, yai lililoiva, maharagwe yaliyopondwa na kutolewa maganda, sombe iliyotwangwa vizuri na kuiva kabisa. Katika uji wa mtoto tia kijiko kidogo cha mawese, au karanga zilizosagwa laini. Uji wa maji matupu hujaza tumbo lakini hautii nguvu.

Pilipili, nyama ngumu, na chakula kinachoelea katika mafuta vingoje kwanza. Chakula cha jana kilicholala bila moto ni hatari. Kipashe moto mpaka kitokote, au kitupe.

Mpe kidogo kidogo, mara 6 kwa siku. Akikataa, mbembeleze, usimlazimishe kwa kumziba pua. Baada ya saa moja jaribu tena.

MAJUMA MAWILI YASAHAULIWAYO

Hapa ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa. Kuhara kumekoma, watu wanafurahi, na mtoto anarudishwa kwenye sahani moja pamoja na ndugu zake wenye mikono mirefu. Lakini mwili wake bado una deni. Kwa majuma mawili mpe mlo mmoja zaidi kila siku, katika sahani yake mwenyewe. Asipolipwa deni hilo, kuhara kwa pili kutamkuta dhaifu, na kwa tatu kutamkuta amekonda kabisa. Hivyo ndivyo utapiamlo unavyoingia nyumbani.

Tena omba vidonge vya zinki katika kituo cha afya. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 20. Aliyepita miezi 6 hupewa miligramu 20. Azimeze siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekoma. Zinki inasaidia utumbo kupona, tena inapunguza kuhara katika miezi inayofuata.

MANENO YA WATU

"Mpigeni bomba, uchafu utoke." Hapana. Dawa ya kuingizwa nyuma inatoa maji mengine kutoka kwa mtu aliyekwisha kukauka, na imeua watoto.

"Nunueni vidonge vya sokoni vya kufunga tumbo." Kwa mtoto ni hatari. Kuhara kwingi kwa maji hakuhitaji dawa za kuua vijidudu. Mganga ndiye atakayesema kama zinahitajiwa.

Bibi akisema maneno ya zamani, usimjibu kwa ukali. Mwonyeshe mtungi uliotoboka, umpe kijiko, umwombe amnyweshe mjukuu wake. Bibi mwenye subira hushinda wengi katika kazi hii.

USINGOJE, NENDA HOSPITALI

Ukiona neno lo lote katika haya, ondoka upesi:

Damu katika choo. Choo kingi kama maji ya mchele. Mgonjwa hawezi kunywa, au anatapika kila kitu. Analegea, anasinzia kupita kiasi, au ameshikwa na degedege. Hakojoi. Ana homa kali. Ni mtoto wa chini ya miezi miwili. Au siku tatu zimepita bila nafuu.

Safari za huku ni ndefu, na njia ya Kasongo na Kabambare huharibika wakati wa mvua. Kwa hiyo chukua kinywaji katika chupa, umnyweshe mgonjwa njiani, kijiko kwa kijiko, juu ya baiskeli au pikipiki, mpaka mlangoni pa hospitali. Wengi hufa njiani kwa kukosa maji, na chupa ya maji ingaliweza kufungwa mizigoni.

Basi, ndugu, tengeneza mambo haya leo, ugonjwa haujaingia: kijiko kidogo, chupa ya lita moja, chumvi, sukari au mchele, na paketi mbili za SRO juu ya rafu. Mwonyeshe kila mtu wa nyumbani mahali vilipo, hata mtoto mkubwa, maana ugonjwa huja usiku, wakati mama yuko shamba, au baba yuko safarini.