Fidia ya ajali ya bodaboda hupotea siku za kwanza

ABIRIA anayeabiri bodaboda asubuhi akielekea kazini huulizia nauli. Ni nadra sana kumsikia akiuliza iwapo pikipiki hiyo ina bima, na ikiwa inayo, ni ya aina gani. Ilhali jibu la swali hilo ndilo litakaloamua, mguu ukivunjika njiani, iwapo kuna atakayelipia chuma cha kuunganishia mfupa au jamaa wataitisha harambee.

Usafiri huu ulianzia mpakani Busia, baiskeli zilipokuwa zikiwavusha watu kati ya Kenya na Uganda. Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mnamo 2008, vijana wengi waliacha kukanyaga pedali wakanunua injini. Kasi iliongezeka, lakini kinga haikuongezeka. Pikipiki haina mlango wala mkanda, na inapogongana na gari, kinachopokea pigo ni goti, muundi na kichwa cha binadamu.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine watakaojeruhiwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Bima ya pikipiki ya matumizi ya kibinafsi haimlindi abiria aliyelipa nauli. Anayebeba watu kwa malipo anahitaji bima ya biashara, ambayo ni ghali zaidi. Baadhi ya waendeshaji hununua ile ya bei nafuu, au hulipia mwezi mmoja kisha wakaacha muda wake uishe. Abiria akija kudai fidia, kampuni hujibu kwamba haihusiki, naye hubaki akimkabili mwenye pikipiki ambaye pengine hana mali ila pikipiki hiyo hiyo iliyopondeka.

Mwendeshaji naye aelewe kwamba bima hiyo haimlipi yeye akianguka kwa kosa lake mwenyewe. Atalipwa tu iwapo atathibitisha kwamba mwingine, mathalan dereva wa lori aliyemkatizia njia, ndiye aliyezembea. Ikiwa ameajiriwa na mwenye pikipiki, kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007. Hata hivyo, kijana anayepeleka kiasi fulani cha pesa kwa tajiri kila jioni, bila mkataba wowote, atakuwa na kibarua kigumu kuthibitisha kwamba yeye ni mwajiriwa.

Kesi nyingi huharibika kabla hazijafika mahakamani. Majeruhi huondolewa barabarani haraka, na hilo ni jambo jema, lakini hakuna anayenakili nambari za usajili. Jamaa wa aliyeumia wanapaswa kufika kituo cha polisi mapema, wahakikishe ajali imeandikwa kitabuni, na waombe ile taarifa ambayo wengi huiita abstrakti. Waisome papo hapo. Jina lililoandikwa vibaya au nambari ya pikipiki iliyokosewa herufi moja huweza kumpa wakili wa upande wa pili mwanya wa kuipinga kesi nzima. Fomu ya P3, karatasi za hospitali na stakabadhi za malipo zihifadhiwe, hata ile ya dawa za kupunguza maumivu. Mahakama hairejeshi gharama ambayo haikuthibitishwa.

Kiasi cha fidia pia hutegemea mwenendo wa aliyeumia. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki, na inataka avae kofia ya chuma na jaketi inayong'aa. Aliyekubali kubanwa na wenzake wawili, au aliyeikataa kofia kwa sababu ilinuka jasho la watu (na kweli, nyingi hunuka), huenda akaambiwa alichangia kuumia kwake, na asilimia fulani ya fidia ikakatwa.

Anayeshtakiwa kwanza ni mwendeshaji au mwenye chombo, wala si kampuni ya bima. Hata hivyo, kampuni lazima ipewe notisi ya kesi mapema, la sivyo yaweza kukwepa kulipa. Kiwango cha juu inachowajibika kulipa kwa mtu mmoja ni Sh3 milioni. Kinachozidi hapo hudaiwa mwenye chombo.

Kesi ya uzembe sharti ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Aliyegongwa na gari la serikali ana miezi 12 pekee. Mtoto huanza kuhesabiwa muda akitimiza miaka 18. Mtu akifariki, mjane, watoto au wazazi waliomtegemea wanaweza kudai ndani ya miaka mitatu tangu kifo.

Wapo pia mawakala wanaozurura wodini wakiwatafutia mawakili wateja. Sheria ya mawakili inakataza utafutaji huo wa kazi, na pia mapatano ya kwamba wakili atalipwa kesi ikishinda tu. Mgonjwa asitie sahihi karatasi asiyoielewa angali na maumivu. Karatasi ya kukubali malipo ya mwisho ikishatiwa sahihi kwa Sh50,000, ni vigumu mno kurudi kudai zaidi daktari anapogundua, miezi sita baadaye, kwamba mfupa haukuunga.