Tone Linapochongoka: Utangulizi wa Unyunyizaji wa Dawa kwa Umeme

Jaza bomba la sindano uji mwepesi wa kitosani uliochanganywa na dawa, lifunge kwenye mashine ya kulisukuma polepole, chini ya mililita 1 kwa saa. Bila umeme, tone litavimba kwenye ncha ya sindano, lining'inie, lidondoke. Washa volti 15,000 hivi: lile tone litachongoka mbele ya macho yako, liwe pia iliyopinduka, na kwenye ncha ya pia utoke uzi mwembamba kuliko unywele, ukikatika kuwa ukungu. Mwingereza Geoffrey Taylor alipiga hesabu ya umbo hilo mwaka 1964, akapata nyuzi 49.3 kutoka katikati ya pia hadi ubavuni. Miaka 82 kabla yake, Lord Rayleigh alishakadiria chaji ambayo tone linaweza kuistahimili kabla ya kupasuka.

Matone yote yana chaji ya aina moja, kwa hiyo yanasukumana, hayashikani. Safari yao ni sentimita 10 au 20 tu, lakini yanakauka njiani, na kinachotua kwenye bamba la chuma ni chembe ndogo za mviringo zilizofungia dawa ndani. Hakuna haja ya joto kali, na hiyo ni nafuu kubwa kwa protini kama insulini. Uji ukizidi uzito, uzi haukatiki: utavuna utando kama wa buibui.

Malighafi yenyewe haiko mbali na jikoni. Kitosani hutokana na maganda ya kamba na kaa. Aljineti, malighafi nyingine, hutokana na mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, ni wa jamii nyingine, hutoa karajinani.

Sasa neno “kulenga”, linalotumiwa kueleza jinsi chembe hizi zinavyofikisha dawa mwilini. Linanikera kidogo, kwa sababu mgeni wa fani hudhani chembe ni mshale. Chembe haioni. Ikiingia kwenye damu hupelekwa na damu, na nyingi hunaswa na ini na wengu. Mara nyingi kazi yetu ni kutengeneza mlango unaofunguka mahali fulani tu. Aljineti iliyokazwa kwa kalsiamu hujikunyata kwenye asidi ya tumbo, kisha ikifika kwenye utumbo huvimba na kuachia dawa. Kitosani ni kinyume chake, asidi huiyeyusha. Ndiyo maana wengine hutumia sindano mbili, moja ndani ya nyingine, wapate kiini cha hiki na ganda la kile kwa mkupuo mmoja. Kwenye mapafu mlango ni ukubwa wenyewe: mikromita 1 hadi 5. Kubwa zaidi ya hapo hukwama kooni. Nyingi kati ya zile ndogo mno hutoka tena na pumzi.

Siku moja ya masika niliacha mtambo ukifanya kazi mchana kutwa. Jioni nikakuta bambani utando mmoja unaonata, hakuna hata chembe moja: hewa ilikuwa na unyevu, matone yakatua mabichi yakaungana. Tangu hapo, kabla ya kugusa swichi ya umeme, nasoma kwanza kipima unyevu ukutani.