Hesabu ambayo maabara haikuandikii

Ini halilalamiki. Ndani yake hakuna mishipa ya fahamu ya maumivu. Kinachouma ni ule utando mwembamba unaolifunika, nao huuma ini linapovimba. Ndiyo maana mtu mwenye homa ya ini aina ya B anaweza kulima, kuendesha bodaboda na kusomesha watoto kwa miaka 20 au 30 bila dalili yoyote. Kisha tumbo linajaa maji, au anatapika damu, na majirani wanasema kaugua ghafla. Ghafla wapi! Kovu limekuwa likijengwa muda wote huo.

Swali ambalo watafiti wa ini wamehangaika nalo ni hili: tutamjuaje mtu huyo mapema, wakati dawa bado ina cha kuokoa? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa sindano. Daktari anadunga ubavuni, anachomoa kinyama cha ini na kukipeleka kwenye hadubini. Kinyama hicho ni kama sehemu moja kwa 50,000 ya ini zima, kwa hiyo hata kovu lililo pembeni kidogo linaweza kukosekana. Halafu kuna maumivu, kuna hatari ya kuvuja damu, na lazima awepo mtaalamu wa kusoma kinyama chenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B. Huwezi kuwadunga wote hao.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika vipimo viwili vya damu vya kawaida. Cha kwanza ni AST, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye seli za ini zinapoumia. Cha pili ni idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Chukua AST ya mgonjwa, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara husika, kisha gawa kwa idadi ya chembe sahani katika maelfu, mwisho zidisha kwa 100. Matokeo yake huitwa APRI.

Chembe sahani zinaingiaje kwenye habari ya ini? Damu yote ya utumbo hupita kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Ini likikakamaa kwa makovu, njia inabana, damu inarudi nyuma na kuijaza bandama, nayo inatanuka na kuzishikilia chembe sahani ndani yake. Zaidi ya hayo, homoni inayouamrisha uboho kutengeneza chembe hizo hutoka kwenye ini lenyewe, na ini lililochoka huitoa kidogo. Kwa hiyo ini linavyozidi kuharibika, namba ya juu katika hesabu yetu hupanda na ya chini hushuka.

Tuchukue mfano. AST ni 48, na mwisho wa kawaida ni 40. Chembe sahani ni 160,000. Maabara itaweka alama ndogo kwenye AST, na chembe sahani itaziacha zipite, kwa sababu 150,000 kwenda juu ni kawaida. Mgonjwa anaambiwa yuko sawa, aendelee kunywa maji. Lakini 48 kwa 40 ni 1.2, gawa kwa 160, zidisha kwa 100, unapata 0.75.

Je, 0.75 ni nyingi? Hapo ndipo pana kisa chenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ulisema APRI ikizidi 2 kwa mtu mzima, ichukuliwe kwamba ana sirosisi, yaani makovu yamelitawala ini, naye aanze dawa. Ili kufika 2 huku chembe sahani zikiwa 150,000, AST inabidi iwe mara tatu ya mwisho wa kawaida. Tukumbuke pia kwamba wagonjwa wa Michigan walikuwa na homa ya ini C, ugonjwa mwingine kabisa, na waliishi mazingira mengine.

Mwaka 2023 mtandao wa watafiti wa homa ya ini B barani Afrika ulichapisha uchambuzi wa wagonjwa 3,548 kutoka nchi nane za kusini mwa Sahara. Waliilinganisha hesabu hii na kipimo cha ugumu wa ini, mashine inayosukuma mtikisiko mdogo ubavuni na kupima kasi ya wimbi lake, maana wimbi hukimbia zaidi kwenye kitu kigumu. Fikiria ugali uliotoka jikoni sasa hivi na kiporo chake cha asubuhi. Walichokuta ni kwamba 2 ilikuwa juu mno kwa wagonjwa wetu. Walipendekeza 0.65. Kwa kiwango hicho hesabu iliwanasa 56 kati ya kila 100 wenye sirosisi, na kati ya kila 100 wasio nayo iliwaacha 90 bila kuwasingizia.

Hamsini na sita si namba ya kujivunia. Lakini mashine ile ya wimbi ni ghali na iko katika hospitali chache, nyingi zikiwa mijini, ilhali hesabu hii inaweza kufanywa kwa simu ya mkononi popote penye maabara inayopima AST na chembe sahani. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mtu mzima mwenye homa ya ini B ambaye APRI yake imezidi 0.5 anastahili kufikiriwa dawa. Mgonjwa wetu wa 0.75 amevuka mstari bila damu yake kubadilika hata tone. Kwangu mimi, mabadiliko haya yana uzito kuliko mashine nyingi mpya zinazotangazwa kila mwaka.

Hesabu ina mitego yake. Malaria hushusha chembe sahani, na kichocho cha tumbo, ambacho watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanakijua vizuri, hutanua bandama hata kama virusi havipo. AST nayo hutoka pia kwenye misuli, hivyo aliyeshinda akibeba magunia anaweza kupandisha namba. Namba ikipanda siku ya homa, tibu homa, kisha rudia kipimo.

Kuna hatari nyingine ambayo APRI haiioni kabisa, nayo iko ghalani. Sumukuvu ya mahindi na karanga iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, lakini ile inayoliwa kidogo kidogo haiui hivyo. Huharibu vinasaba vya seli za ini. Utafiti uliofanyika Shanghai kwa zaidi ya wanaume 18,000 ulionyesha kwamba sumu hiyo peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini takriban mara tatu, virusi vya B peke yake mara saba, na vyote viwili pamoja karibu mara 60.

Tena saratani inayoletwa na virusi vya B haisubiri sirosisi kila mara, na Afrika huwapata hata watu wenye umri wa miaka thelathini na kitu. Kwa hiyo mwenye virusi ambaye ndugu yake wa damu amewahi kuugua saratani ya ini anahitaji altrasaundi kila baada ya miezi sita, hata kama APRI yake ni 0.3.