Fahamu: Safari ya Kenya iliyombadilisha Richard Pryor

Kila mchekeshaji anapowakera watu, mjadala unarudi pale pale: je, ana haki ya kusema lolote jukwaani? Filamu ya Richard Pryor, Live on the Sunset Strip, ya mwaka 1982, inalijibu swali hilo kwa namna ambayo wengi hawaitarajii.

Pryor, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Peoria, Illinois, alijijengea jina kwa kusema yale yaliyowashinda wenzake. Tusi la kibaguzi wanalotukanwa watu Weusi nchini mwake alilitumia bila kusita, hata kwenye majina ya albamu zake. Mwaka 1979 akazuru Kenya. Akiwa hotelini aliwatazama watu waliomzunguka: watu wa rangi zote, kila mmoja na shughuli zake, na hakuna hata mmoja aliyestahili kuitwa kwa tusi lile. Hapo akaamua kuliacha.

Katika filamu hiyo, haya anayasimulia mwenyewe kwenye ukumbi wa Hollywood Palladium, akiwa ndani ya suti nyekundu. Mzaha unapungua, watu waliokuwa wakiangua vicheko wanatulia kumsikiliza. Baadaye anaugeukia moto uliomuunguza vibaya Juni 1980, na kukiri waziwazi jinsi alivyotawaliwa na dawa za kulevya.

Kwa maoni yangu, ujasiri wake mkubwa uko kwenye simulizi la Kenya. Hakushurutishwa na mahakama wala kituo cha televisheni. Aliiweka chini mwenyewe silaha yake kali kuliko zote, mbele ya kamera, huku mashabiki wakimtazama.