Kiwanja cha Kuazima

Anwani nyingi za tovuti za watu binafsi za miaka ya tisini zina alama ndogo yenye umbo la wimbi: ~. Mimi huiita kiwimbi. Kilikaa baada ya jina la chuo na kabla ya jina la mwanafunzi, na msomaji aliyekiona alijua kwamba ametoka kwenye korido za ofisi na sasa yuko mlangoni kwa mtu. Asili yake ni kibodi. Katika miaka ya sabini kampuni ya Kimarekani ya Lear Siegler ilitengeneza mashine iitwayo ADM-3A, skrini na kibodi vya kuzungumza na kompyuta kubwa iliyowekwa chumba kingine. Kwenye kibodi hiyo kiwimbi kilichapwa kitufe kimoja na neno la Kiingereza lenye maana ya nyumbani. Wataalamu wa mfumo wa kompyuta wa Unix waliokuwa wakikibonyeza kutwa nzima wakazoea hivyo: kiwimbi kikiwa peke yake ni nyumbani kwangu, kikifuatwa na jina lako ni nyumbani kwako.

Seva za mwanzo za wavuti zilirithi mazoea hayo. Mwenye akaunti kwenye kompyuta ya chuo alitengeneza folda iitwayo public_html ndani ya folda yake ya nyumbani, kisha akaandika amri fupi: chmod 755 public_html. Tarakimu tatu hizo ni funguo. 7 ni ya mwenye nyumba: anasoma, anaandika, anaingia. 5 ya kwanza ni ya wenzake wa kundi moja na 5 ya mwisho ni ya wapita njia wote duniani, nao wanaruhusiwa kusoma na kuingia, basi. Akishabonyeza kitufe cha kuingiza, faili lolote lililomo humo lilionekana Tokyo sawasawa na lilivyoonekana chumba cha pili. Hakujaza fomu, hakulipa ada, hakumwomba mhariri.

Ila ardhi ilikuwa ya chuo. Mwenye nyumba akihitimu, akaunti yake kwa kawaida ilifungwa baada ya muda na kurasa zake zikaondoka nayo.

Nimeanzia hapo kwa sababu wanaosimulia historia ya tovuti binafsi hupenda kuisimulia kama historia ya mitindo: leo mandhari ya nyota, kesho fremu, keshokutwa weupe mtupu. Mitindo ilikuwepo, nami nitaifikia. Lakini ukizipanga tovuti za watu mwaka baada ya mwaka, utaona kwamba kila zilipobadilika sana, kiwanja kilikuwa kimebadilika kwanza. Mtu huandika kwa namna moja akiwa mgeni wa chuo, na kwa namna nyingine akiwa mpangaji wa kampuni au mwenye hati ya jina lake mwenyewe.

Kuna jambo jingine lililoamuliwa mapema. Kivinjari cha kwanza kabisa, alichokiandika Tim Berners-Lee kwenye kompyuta ya NeXT huko CERN, maabara ya fizikia ya Geneva, mwishoni mwa 1990, kilisoma na kuandika kwa pamoja. Ukurasa wako mwenyewe uliweza kuurekebisha palepale ulipokuwa ukiusoma, ukaunganisha neno na ukurasa mwingine kisha ukahifadhi. Ila kompyuta za NeXT zilikuwa chache. Kivinjari kilichoufikisha wavuti kwa watu ni Mosaic, kazi ya Marc Andreessen na Eric Bina katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 1993, mwaka uleule ambao CERN ilitangaza, tarehe 30 Aprili, kwamba wavuti ni mali ya wote bila malipo. Mosaic ilileta picha katikati ya maandishi, na watu wakaipenda mara moja. Kuandika kukaachwa nje. Tangu siku hizo msomaji amekuwa mtu mmoja na mwandishi mwingine, na aliyetaka kuvuka kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili ilimbidi atafute njia yake.

Njia ilikuwa kutazama chanzo. Kivinjari kilikuwa na amri ya kufunua msimbo wa ukurasa wowote uliokuwa mbele yako, na hiyo ndiyo ilikuwa shule ya watu wa wakati ule. Uliona mstari mwekundu unaopendeza kwa mtu, ukafunua chanzo, ukanakili, ukabadilisha rangi, ukajaribu. Ndivyo kijana anavyojifunza ushonaji: anakaa karibu na cherehani ya fundi, anatazama mkono, anaomba kitambaa chakavu. Sijui ufundi mwingine wa karne iliyopita ulioenea haraka kiasi hicho bila darasa.

Desemba 1993 gazeti la New York Times liliandika habari za Mosaic. Mmoja wa walioisoma ni Justin Hall, kijana wa miaka 19 katika chuo cha Swarthmore, Pennsylvania. Januari iliyofuata alifungua ukurasa wake, seva ikiwa kwenye kompyuta yake ndogo ya Apple, bwenini. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa kawaida kwa wakati ule: machache kumhusu, picha yake akiwa na Kanali Oliver North, mwanajeshi wa Kimarekani, na orodha ya viungo vya kurasa alizozipenda. Orodha hiyo ndiyo iliyoleta wageni. Mwaka 1994 kupata kitu kwenye wavuti kulikuwa sawa na kutafuta nyumba katika mtaa usio na majina ya njia. Unamuuliza mtu, naye anakuelekeza. Tovuti binafsi ya mwanzo ilikuwa hasa kidole kinachoonyesha kwingine.

Kisha Hall akaanza kukigeuza kidole kujielekeza mwenyewe. Aliandika juu ya familia yake, marafiki, mapenzi, na baba yake aliyejiua mwanawe akiwa na miaka minane. Januari 1996 akaanza kuweka kipande kipya kila siku, chini ya tarehe. Watu waliokuja kutafuta viungo walibaki kumsoma. Kwangu mimi huu ndio mgeuko mkubwa kuliko wowote katika hadithi hii, na haukuletwa na programu mpya. Lugha ya kuandikia kurasa aliyoitumia, HTML, ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja aligundua kuwa mlango wake unaweza kuwa mwisho wa safari ya msomaji. Gharama yake nayo aliiona mapema. Marafiki na wapenzi walioandikwa hawakuwa wote wamekubali kuandikwa, na mwaka 2005, baada ya miaka 11, aliacha simulizi lile la kila siku.

Wasio na chuo walijenga wapi? Mwishoni mwa 1994 David Bohnett na John Rezner walianzisha California kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities, wakagawa nafasi bure, wakilipwa na matangazo. Nafasi hizo waliziita mitaa. Aliyependa filamu alipelekwa Hollywood, wa muziki wa roki SunsetStrip, wa falsafa na elimu Athens, wa hadithi za anga za juu Area51, wa mambo ya familia Heartland. Ndani ya mtaa ulichagua namba ya nyumba iliyo wazi, yenye tarakimu nne, na namba hiyo ikawa sehemu ya anwani yako. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na jirani. Uliandika juu ya bendi yako ukijua nyumba ya mbele na ya nyuma zinaandika juu ya bendi zao. Kulikuwa na wazee wa mtaa waliojitolea kuwapokea wageni na kuwasaidia na HTML.

Humo ndimo zilimokua desturi ambazo watu hucheka wakizikumbuka, nami sizicheki. Kitabu cha wageni kilikuwa faili dogo la programu lililopokea jina na salamu na kuziongeza kwenye ukurasa, sawa na daftari la wageni tunaloliona kwenye meza ya kila ofisi ya kata. Kaunta ilionyesha idadi ya waliopita, tarakimu zikigeuka kama za mita ya maji. Pete za tovuti, ambazo Sage Weil alizitengenezea mfumo mwaka 1995 akiwa bado kijana, ziliwaunganisha watu wa jambo moja kwa mduara: kila ukurasa ulikuwa na kiungo cha kwenda kwa jirani wa kulia na cha kwenda kwa wa kushoto, ukizunguka unarudi ulikoanzia. Na kulikuwa na kibao cha njano cha fundi mwenye sepetu: inajengwa. Msanii na mtafiti Olia Lialina, mzaliwa wa Urusi, ndiye aliyewafundisha wengi kukitazama kibao hicho kwa heshima, na aliyekulia Dar es Salaam hahitaji kufundishwa sana. Tunahamia nyumba kabla haijaisha. Nondo zinachomoza juu ya paa zikingoja ghorofa itakayokuja pesa ikipatikana, na chini watoto wameshalala. Mwenye kibao cha njano hakuwa akiomba radhi. Alikuwa akisema kwamba anaishi humu na bado anaendelea kujenga.

Tukaribie ukuta mmoja tuutazame. Ni mwaka 1997 na mwandishi anataka jambo dogo: maandishi yake yaache ukingo mweupe upande wa kushoto, kama kitabu. HTML haikutengenezwa kwa hilo. Ilitengenezwa kusema hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Lakini ilikuwa na jedwali, lililokusudiwa kwa takwimu. Basi anachora jedwali la safu moja yenye seli mbili, anafuta mistari yake isionekane, anaweka maandishi kwenye seli ya kulia na kuiacha ya kushoto tupu. Anafungua kivinjari: seli tupu imejikunja, ukingo haupo. Anatafuta kitu cha kuitegemeza. Anachukua picha ya GIF yenye nukta moja tu, tena isiyo na rangi, anaiweka kwenye seli tupu na kuamuru inyoshwe upana wa nukta 120. Seli inasimama. Msomaji haoni nguzo, anaona nafasi tu. Ujanja huo ulienezwa na kitabu cha David Siegel cha 1996 juu ya ubunifu wa tovuti, na kwa miaka kadhaa kurasa zisizohesabika zilisimama juu ya nukta zisizoonekana.

Dawa ilikuwepo. Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa CERN, alipendekeza Oktoba 1994 kwamba sura ya ukurasa iandikwe kando na maneno yake, na pendekezo hilo, CSS, likawa kanuni rasmi Desemba 1996. Lakini watengenezaji wa vivinjari, Netscape na Microsoft, walikuwa vitani, kila kampuni ikiongeza mapambo yake na kuitekeleza kanuni ya wote nusunusu. Ukurasa ulionyooka kwenye kivinjari kimoja ulipinda kwenye kingine. Mwenye tovuti ya mapishi ya mama yake alijikuta akilipia vita visivyomhusu kwa usiku wake wa Jumamosi.

Uzito nao ulikuwa mwalimu mkali. Modemu ya 14.4 ilipitisha, ikijitahidi, kilobaiti zisizofika mbili kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 50 ilichukua karibu nusu dakika. Ndiyo maana GIF nyingi zilihifadhiwa kwa mafungu: kwanza kila mstari wa nane, kisha katikati yake, kisha katikati tena, hadi picha ijae. Uso wa mtu ulitokea kama wa mtu unayemwona akija kwenye ukungu, na mwenye haraka aliweza kuondoka kabla hajafika.

Tangu Septemba 1995 jina la kikoa lililipiwa dola 50 kwa mwaka, tena miaka miwili kwa mkupuo. Waliomudu walipata hati: jina lao, kisha nukta, kisha com. Walihama na tovuti zao kutoka seva moja hadi nyingine na anwani haikubadilika. Mtaa ukatoweka kwenye anwani, na jirani naye. Kuanzia 1999 zikaja programu za bure zilizopanga maandishi kwa tarehe, jipya juu, la zamani chini. Zilimwondolea mwandishi kazi ya mikono na zikamwondolea pia uamuzi wa umbo. Tovuti iliyokuwa na vyumba ikawa foleni. Wengi walianza kuandika kwa sababu ya urahisi huo, na hiyo ni faida kubwa. Ila ukurasa uliokaa miaka mitano ukirekebishwa taratibu, ule wa mtu mmoja na jambo lake moja, haukuwa tena na mahali pa kukaa. Ulisukumwa chini na habari za jana.

Mwaka huohuo wa 1999 Yahoo waliinunua GeoCities kwa zaidi ya dola bilioni 3. Masharti mapya yaliipa kampuni haki pana juu ya kila kilichowekwa humo, wakazi wakapiga kelele, na kampuni ikarudi nyuma ndani ya siku chache. Mitaa ikaachwa, kila mtu akapewa anwani ya jina la mtumiaji. Wakazi wakapungua. Tarehe 26 Oktoba 2009 seva zilizimwa, isipokuwa za Japani, zilizodumu hadi 2019.

Miezi mitatu kabla, Julai 2009, mkonga wa intaneti wa SEACOM ulikuwa umeanza kazi Mombasa na Dar es Salaam. Hadi hapo pwani yetu ilitegemea setilaiti, kwa bei iliyomfanya mtu ahesabu dakika kwenye kibanda cha intaneti. Tulipopata njia pana, mitaa ile ilikuwa inabomolewa, na wengi wetu tuliukuta wavuti ukiwa tayari ni vyumba vya kupanga vilivyopakwa rangi moja, visivyoruhusu kupigilia hata msumari. Kizazi kizima cha Waswahili wanaoandika kila siku mtandaoni hakijawahi kufungua chanzo cha ukurasa kikanakili mstari mwekundu. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike sura hii kwa urefu.

Kabla seva hazijazimwa, kikundi cha watu wa kujitolea kiitwacho Archive Team, kikiongozwa na Jason Scott, kilipita mitaani usiku na mchana kikinakili kilichowezekana. Mwaka uliofuata wakakitoa chote kwa umma. Lialina na mwenzake Dragan Espenschied wakachukua lundo hilo na kuanza kupiga picha ukurasa mmoja mmoja, kwenye kivinjari cha zamani, kama mwenyewe alivyouona. Hawakuzipanga kwa mtaa wala kwa uzuri. Wamezipanga kwa tarehe ambayo mkono wa mwenye ukurasa uliugusa mara ya mwisho.