Je, Wajua? Shujaa Anajulikana, Aliyemwandika Je?

Je, wajua kuwa popo mweusi aliyechorwa kwenye fulana za mitumba wanazovaa vijana wa bodaboda hapa Didia, Usukumani, aliandikwa na mtu aliyekuwa akiuza viatu? Jina lake Bill Finger. Alizaliwa Denver, Marekani, mwaka 1914, na alipokuwa New York rafiki yake Bob Kane alimwonyesha mchoro wa shujaa mpya: nguo nyekundu, mabawa magumu mgongoni, kinyago kidogo machoni. Finger akapanga upya kila kitu. Mabawa yaondoke, joho likae mahali pake. Kichwa kifunikwe chote na kiwe na masikio ya popo. Mikononi avae glavu, na wekundu uwe kijivu. Kisha akaandika hadithi ya kwanza, iliyotoka mwaka 1939. Shujaa huyo ndiye Batman.

Je, wajua kuwa mkataba ulikuwa wa Kane peke yake? Vitabu, filamu na vichezeo vya watoto viliuzwa dunia nzima kwa jina moja tu la mbunifu. Finger alifariki Januari 1974, akiwa na miaka 59. Jina lake lilianza kuandikwa rasmi pembeni ya lile la Kane mwaka 2015, yaani miaka 41 baada ya kifo chake, na hapo ni baada ya mtafiti mmoja, Marc Tyler Nobleman, kuhangaika kumtafuta mrithi wake hadi akampata mjukuu. Huo ni uonevu, na sioni sababu ya kuuita kwa jina jingine.

Wengi hudhani katuni ni mchoro tu, ndiyo maana mwandishi hupotea kirahisi. Lakini kabla penseli haijagusa karatasi, kuna mtu ameshaamua boksi la kwanza lionyeshe nini, mvua inanyesha au hainyeshi, mwizi anasimama upande gani wa dirisha, na maneno mangapi yatatosha juu ya kichwa chake. Finger alikuwa na madaftari ya kuhifadhia mawazo, akinasa chochote kilichomvutia ili siku moja kiingie kwenye hadithi. Hata jina la mji wa Batman, Gotham, alilipata akipekua kitabu cha simu, macho yakatua kwenye duka la vito lenye jina hilo.

Je, wajua kuwa Superman aliuzwa kwa dola 130? Mwaka 1938 Jerry Siegel, mwandishi, na Joe Shuster, mchoraji, walipokea hundi ya kiasi hicho na haki zote zikaenda kwa kampuni. Walipigania haki yao hadi mwaka 1975 ndipo wakapewa malipo ya kila mwaka, na majina yao yakarudishwa.

Mwaka huohuo wa 1975 mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walimleta shujaa wa kike, Storm. Mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya, na Storm mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Cairo hadi nyika za Serengeti, ambako watu walimheshimu kama mungu wa kike kwa sababu aliamuru mvua. Serengeti inafika hadi kwa jirani zetu wa Simiyu! Na kwa Usukuma, ambako mtemi wa zamani alidaiwa mvua na watu wake, hadithi hiyo ingepata wasikilizaji bila kutafsiriwa sana.

Turudi nyumbani. Je, wajua kuwa Juha Kalulu, yule wa gazeti la Taifa Leo la Kenya, alibuniwa na Edward Gitau tangu miaka ya 1950? Gitau aliandika na kuchora mwenyewe, kwa Kiswahili, na mhusika wake akaishi zaidi ya nusu karne. Ni wabunifu wachache Marekani wanaoweza kudai hivyo.

Je, wajua Chakubanga ni wa nani? Jina hilo wazee wanalikumbuka, hata bwana mwenye kitambi huitwa hivyo mpaka leo. Aliyemchora ni Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960. Uliza watu kumi wanaolitumia jina hilo, na usishangae ukikosa hata mmoja anayemjua Gregory.

Mwandishi Faraji Katalambulla, aliyetoa riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo mwaka 1965, alianzisha pia jarida la hadithi za picha lililoitwa Film Tanzania. Humo wahusika hawakuchorwa: watu halisi walipigwa picha, maneno yakawekwa juu ya picha hizo. Mfano ulikuwa African Film la kampuni ya Drum, lenye mpelelezi Lance Spearman na kofia yake, ambalo vijana wa Afrika Mashariki walilisoma kwa kupokezana.

Je, wajua jarida la Sani lilipataje jina? Ni Saidi na Nicco. Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo walilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970, wakachukua herufi mbili za kila jina. Hapa inafaa kusimama, maana Sani ndilo lililofundisha wengi wetu kusoma kwa hamu. Madenge na utundu wake wa shuleni, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe: nakala moja ilipita mikononi mwa mtaa mzima, ikafika kwa kinyozi bila jalada, kurasa za katikati zimelegea kwenye pini, na bado mtu alisubiri zamu yake. Wahusika wale walizungumza Kiswahili cha kijiweni, si cha darasani. Walikopa, walikimbia madeni, waligombana na wake zao, walitaniana kwenye foleni. Nicco aliandika pia hadithi ndefu, na hakuna aliyekua na Sani asiyedaiwa shukrani naye.

Kalamu kubwa ya Sani ilikuwa ya Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986, bado kijana wa miaka ya ishirini. Wengine wakaendelea kuwachora wahusika wake, msomaji akaendelea kucheka, na wengi hawakujua kuwa mkono umebadilika.

Kwa haraka: Bogi Benda wa gazeti la Daily Nation alibuniwa na Mganda James Tumusiime, ambaye baadaye alianzisha kampuni ya vitabu ya Fountain mjini Kampala. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na mwaka 1996 alitoa kitabu cha katuni cha Abunuwasi jijini Nairobi. Barly Baruti wa Kisangani alichora Madame Livingstone, kitabu cha mwaka 2014 kuhusu vita vya Ziwa Tanganyika na meli ya Wajerumani Graf von Goetzen. Meli hiyo ndiyo MV Liemba ya Kigoma.

Je, wajua kuwa Usukuma una shujaa aliye tayari kabisa kwa katuni? Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua akauliza watu wako wapi, akaanza kuwinda: akiua kiumbe chochote anamletea mama, “Huyu ndiye?”, mama anakataa. Mwisho akalikuta zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua, watu wakatoka wote wakiwa hai; bibi mmoja tu alikatwa sikio kwa bahati mbaya, akatoka amekasirika. Hilo sikio tu ni ukurasa mzima! Bill Finger angelinakili kwenye daftari lake.

Na hili litawafaa wanaochora kwenye madaftari ya shule. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mbunifu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huanza kazi inapoumbwa, hata kabla ya kusajiliwa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo inayosajili. Kwa hiyo, kijana wa Didia, ukimchora Masala Kulangwa, andika jina lako na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza. Kama aliyeandika ni mmoja na aliyechora ni mwingine, yaandikeni yote mawili, na msisaini mkataba ambao hamjausoma hadi mwisho.